Kiti cha Kufokewa

Treni iliyonipeleka Mwanza ilikuwa na tabia za mgonjwa. Ilikwenda kidogo, ikapumzika, ikalalamika, ikarudi nyuma, kisha ikaendelea kana kwamba hakuna aliyeiona. Dodoma tulikaa mpaka abiria wakafua nguo na kuzianika madirishani. Tabora behewa letu lilikatwa likaachwa juani nasi tukiwa ndani, na mzee mmoja aliyekuwa akila karanga akasema, "Labda sisi ndio tumefika. Mwanza italetwa." Nilikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, nina sanduku la bati, nimeahidiwa kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba, na nina imani kwamba mahali popote ni pazuri kuliko nilipotoka. Imani hiyo haijaniacha, na ndiyo sababu mpaka leo, na miaka yangu arobaini na ushee, sina hata kiti ninachoweza kukiita changu.

Tuliingia Mwanza asubuhi. Mawe makubwa yalikuwa yamepandana juu ya vilima kama mizigo ya mtu aliyetaka kuhama akaghairi. Nikaelekezwa Mabatini, kwenye nyumba yenye chumba cha kupanga. Lakini siku hizo mgeni hakuingia mtaani hivi hivi kama moshi. Ilibidi kwanza aripoti kwa balozi wa nyumba kumi, yule mtu wa Chama aliyeangalia nyumba kumi na watu wake, ngazi ya chini kabisa ya serikali, ile inayokanyagwa kwanza na kila apandaye.

Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba yake, mrefu, mwembamba, amevaa shati la kijani la Chama lililofuliwa mpaka likakaribia kuwa jeupe. Alikuwa akigombana na redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Subiri kidogo, huyu hajamaliza kudanganya."

Redio ilikuwa ikieleza kwamba nchi inadaiwa na mataifa ya nje, fedha za kigeni zimekwisha, na wananchi wanaombwa kufunga mikanda. Balozi alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua ile redio kwa mikono miwili, akaigeuza ikatazama ukuta.

"Itakaa hivyo mpaka ishike adabu," akaniambia. "Haya, wewe ni nani?"

Kabla sijajibu, ajuza mmoja aliyekuwa akimenya viazi pembeni akauliza, "Kijana, kwenu wapi?"

"Kisarawe, bibi."

"Mzalamo!" Akatupa kisu, akaja mbio ambazo sikuzitegemea kwa umri ule, akakalia sanduku langu. "Sanduku langu hili! Nimelingoja tangu babu yangu alipowabebea mizigo babu zako mpaka pwani, wasimlipe hata maji!"

Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na nguo zangu zote zilikuwa chini ya makalio ya mwanamke nisiyemjua. Nikapandisha sauti. Balozi akaniinulia kidole.

"Kijana. Huyu ni Bibi Minza, Msukuma. Wewe ni Mzaramo. Wasukuma na Wazaramo ni nini?"

"Watani," nikasema kwa shingo upande.

"Na mtani?"

"Hakasirikiwi."

"Ukimkasirikia mtani umepata hasara mbili: sanduku limekwenda, na aibu umebaki nayo. Komboa mzigo wako."

Nikamtania Bibi Minza kwamba mabaki ya viazi vyake hata nguruwe wa kwetu wangeomba radhi, akacheka mpaka akakohoa, nikatoa kitana changu kuwa fidia, nikapewa sanduku. Ndivyo nilivyopokewa. Kitana kile alikitumia miaka yote niliyokaa Mwanza, na kila alipochana nywele alinitazama.

Hakuna aliyejua Balozi katoka wapi. Wasukuma walisema lazima ni Mhaya kwa jinsi anavyojisikia. Wahaya walisema haiwezekani, maana anakula bila kunawa. Yeye alisema kwao ni nyumba kumi.

Alikuwa na hasira na serikali kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na nimekutana na wengi. Lakini wimbo wa taifa ukipigwa redioni alisimama wima. Siku moja ulipigwa akiwa chooni. Tulimwona akitoka nusunusu, suruali ameishikilia kwa mkono mmoja, amekaza shingo, macho mbele, mpaka ukaisha. Kisha akarudi ndani akafunga mlango. Bibi Minza alimuuliza kwa nini hakusimama humo humo ndani. Akasema, "Mule siwezi kunyooka."

Mgeni yeyote aliyefika kwake alipelekwa kuonyeshwa deni la taifa. "Umelisikia redioni?" aliuliza. "Basi njoo ulione." Alimshika mkono mpaka mwisho wa kichochoro, ambako palikuwa na bomba la maji lililojengwa kwa mkopo wa wafadhili, lenye sakafu nzuri ya saruji na koki ya shaba. Lilitoa maji siku ya kuzinduliwa. Baada ya hapo kipuri kimoja kiliharibika, na kipuri kinanunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni ndizo hizo hatuna. Mbuzi walijikunia pale. Ziwa lote la Viktoria lilikuwa likimeta kule chini, na kina mama wakipandisha ndoo kichwani. Kila asubuhi Balozi aliifungua ile koki, akaisikiliza, akaifunga kwa uangalifu ili maji yasije yakamwagika.

"Tunadaiwa hili," alimwambia mgeni. "Lipigie pole."

Na wageni walilipigia pole.

Foleni ya duka la ushirika ilikuwa mahali pengine alipong'ara. Ikisikika kwamba sukari au sabuni huenda ikaja, watu waliweka mawe kwenye mstari, kila mtu jiwe lake, wakaenda zao kazini. Jiwe lilikuwa mtu. Kuliruka jiwe la mwenzio ilikuwa kumruka yeye mwenyewe, na watu walipigana kwa sababu hiyo. Kwa cheo chake angeweza kuingia dukani kwa mlango wa nyuma, lakini aliweka jiwe lake kama wengine, na alipopita aliyaamkia. "Shikamoo, jiwe la Bibi Minza. Habari za kazi, jiwe la fundi." Siku moja muuza duka alifungua dirisha akakuta mstari wa mawe matupu na Balozi peke yake amesimama mbele yake, anayahutubia kuhusu uvumilivu. Akafunga dirisha. Balozi akayaambia mawe, "Mmeona?"

Kuhusu mikanda, Balozi alikwenda dukani kuulizia mkanda ili aitii serikali. Hakukuwa na mikanda. Akafunga suruali kwa kamba ya katani, na kila mkutano aliinua shati kuonyesha kwamba ametekeleza.

Lakini nikimtaja kwa watu niliokutana nao baadaye, Tanga, Lindi, Mbeya, kote nilikohangaika, ninamwelezea kwa jambo moja: kile kiti.

Kilianza kwa mbuzi. Baada ya taarifa ya habari moja mbaya, fundi cherehani wa mtaani, mtu mpole asiyeua hata mende, alitoka nje akampiga teke mbuzi wa jirani. Balozi aliliona. Juma hilo hilo waume wawili walipiga wake zao na muuza duka alizabwa kofi. Balozi alifikiri siku mbili, hata redio hakuigeuza. Kisha akatuita.

"Hasira ina anwani," akasema. "Hasira ya serikali isipofika serikalini, inakwenda kwa mbuzi. Sasa, Dar es Salaam ni mbali, nauli hamna, na treni mnaijua. Serikali iliyo karibu nanyi ni mimi. Kila Jumamosi alasiri nitakaa kwenye kiti hiki na shati hili. Mje mnifokee. Siku nyingine zote, muwaache mbuzi."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi alikaa, ameweka mikono magotini, kamba ya katani imekazwa. Watu walijipanga, safari hii wao wenyewe, si mawe. Fundi cherehani alitangulia.

"Wewe serikali! Uzi hakuna. Nishone kwa mate?"

"Tunalishughulikia," akajibu Balozi kwa sauti nzito ambayo hakuitumia siku nyingine.

Mama Koku, Mhaya, mke wa mwalimu wa chuo cha Butimba, alianza kila mara na "Kwa heshima na taadhima," akapita kwenye Kiswahili safi kama maji ya mtungini, na akamalizia kwa kuiita serikali ng'ombe.

"Tunalishughulikia, mama."

Bibi Minza alizungumzia deni. "Hizo hela mlizokopa zililetwa Mabatini lini? Nadhani siku hiyo nilikuwa nimevuka ziwa kwenda Kamanga kwa binti yangu. Mbona hamkunibakizia? Leo mnataka nilipe chakula ambacho hata harufu sikuisikia! Na mnasema nifunge mkanda. Mimi navaa khanga. Nifunge wapi?"

"Tunalishughulikia, bibi."

Wote wakiisha, zamu ya Balozi ilifika. Alisimama, akavua shati, akalivisha kile kiti vizuri, akafunga vifungo, akaja upande wetu na singlendi yake yenye matundu. Halafu akalifokea shati. Ee Mwenyezi! Sote tuliosema kabla yake tulikuwa kama watoto wa chekechea. Aliliita kwa jina lake na la mababu zake. Aliliuliza bomba. Aliliuliza mikanda. Alilisogelea likashindwa kumtazama. Kisha alilivaa tena, akasema, "Mkutano umefungwa," tukaenda nyumbani wepesi, na mbuzi wakaishi kwa amani.

Mtu akithubutu kusema Jumanne kwamba serikali imeoza, Balozi alimkemea kama kafiri: "Ngoja Jumamosi! Serikali ni kama mkwe. Humpendi, lakini ukikutana naye njiani unaamkia."

Mambo mazuri hayakai bila kusikika. Habari zikafika kwa Katibu wa kata, mtu mnene wa suti ya Kaunda na kofia, mgeni Mwanza, anayepanda baiskeli kana kwamba baiskeli ndiyo inayoheshimiwa. Alikuja siku ya kazi, hakukubali kukaa.

"Nasikia hapa kuna darasa la kuitukana serikali."

"Wananchi wanatoa maoni, ndugu Katibu."

"Jumamosi nitakuja kuyasikia mwenyewe. Likitoka tusi moja, moja tu, ubalozi wako basi, na wewe utakwenda Butimba. Na sisemi kule kwa walimu."

Butimba kuna chuo na kuna gereza, na kila mtu wa Mwanza anajua sauti inavyoshuka ikitajwa ile ya pili. Akaondoka. Balozi akabaki amesimama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa mzee.

Mke wake, aliyeshinda miaka bila kusema zaidi ya anachohitaji, alisema siku hiyo. "Wewe mwanamume. Ukiondolewa wewe, watamweka nani? Atakayewaandika watu majina kwa kusonya. Jumamosi lala kitandani, useme unaumwa."

"Watu watakuja, mke wangu. Wakikuta kiti kitupu, hasira wataipeleka wapi?"

"Waipeleke kwa mbuzi! Mbuzi hafungwi!"

Mke wake akaanza kumfungia kibunda: blanketi, mswaki, kipande cha sabuni alichokificha muda mrefu hata sisi hatukujua kipo. Kwa kipande kile nilielewa jambo lilivyo zito.

Mimi nikasema, ili niseme chochote, "Lakini mzee, yule Katibu ni mtu wa kwetu. Namna anavyoongea ile, Mzaramo kabisa. Nadhani hata wa karibu na kijiji chetu."

Balozi hakunisikia. Bibi Minza, aliyekuwa akimenya viazi, aliacha kumenya.

Jumamosi ikafika. Balozi akavaa shati, akakaa kwenye kiti. Kibunda kilikuwa mlangoni, kinaonekana. Watu walikuja wote, wakajipanga, kimya. Katibu akaja na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akaletewa kigoda, akakaa karibu na Balozi, akakunja nne.

"Haya. Nani ana maoni?"

Fundi cherehani akatazama vidole vyake. Mama Koku akasema, "Kwa heshima na taadhima," akaishia hapo. Kuku mmoja akapita katikati yetu, akasimama, akatutazama, akaona aibu, akaondoka. Balozi alikuwa amekaa wima, mikono magotini, jasho linamtoka puani, anangoja kufokewa, na hakuna aliyemfokea.

Ndipo tukasikia kilio. Kilio cha msiba, kirefu. Bibi Minza alitokea kwenye kona, amejipaka majivu usoni, khanga amejifunga kiunoni, anakuja na kuyumba.

"Mzalamo wangu! Mzalamo wangu kaja! Nilidhani walishakuzika!"

Akajitupa juu ya baiskeli, akailalia. Katibu akasimama. Bibi Minza, bila kutoka kwenye baiskeli, akanyoosha mkono akamnyakua kofia, akaivaa.

"Bibi!" Katibu akanguruma. "Unajua unaongea na nani?"

"Naongea na mtani wangu aliyekula deni! Nyie watu, tulikuwa tunaulizana limeliwa na nani. Si hili hapa?" Akampigapiga tumbo. "Sukali yetu imo humu! Sabuni imo humu! Hata bomba limo! Litikise, utasikia maji yakicheza!"

Uso wa Katibu ulivimba, ukawa mweusi, ukawa wa zambarau. Nilimwona akitafuta neno la kiofisi na kulikosa. Kwa sababu alikuwa mtu wa kwetu, na mtu wa kwetu, hata umvishe suti tatu, amelelewa akijua kwamba anayemkasirikia mtani anaitwa mtoto mpaka kaburini. Alinitazama mimi, Mzaramo mwenzake, kama anayeomba ushahidi. Nikatikisa kichwa polepole: hapana, ndugu yangu, huna njia.

Mabega yake yakashuka. Mdomo ukacheza pembeni.

"Wewe mla michembe ya viazi vikavu," akasema. "Ulipopanda treni mara ya kwanza, si ulivua viatu mlangoni ukaviacha stesheni?"

"Nilivivua kwa sababu ndani mlikuwa mmelala Wazalamo, nikadhani ni kitanda!"

Watu wakalipuka. Wasukuma wote wakaingia. Fundi cherehani akauliza mtani uzi uko wapi, au amejishonea lile tumbo. Mama Koku, Mhaya asiye na utani wowote na Mzaramo, akaomba kuazima utani wa jirani kwa dakika chache, akakubaliwa, akatoa "heshima na taadhima" yake mpaka kwenye ng'ombe. Katibu alijibu kila mmoja, na alijibu vizuri, jasho likimtiririka, akijipiga mapaja kwa kicheko. Kila kilichosemwa Jumamosi zote kilisemwa tena siku ile, na hakikuwa tusi, kwa kuwa mtani hatukani.

Kisha Balozi akasimama, akaanza kufungua vifungo. Mke wake mlangoni akasema, "Usithubutu." Akavua shati. Akalivisha kiti.

Kicheko kikakatika. Katibu akafuta macho. "Hili shati linafanya nini hapo?"

Balozi, ndani ya singlendi, akalifunga kifungo cha juu. Bibi Minza akajibu, "Hilo nalo ni mtani wetu."

Katibu akalitazama lile shati muda mrefu. Akatazama njia kama kuna mtu anakuja. Hakukuwa na mtu. Akalisogelea, akainama kidogo, akaliambia kwa sauti ya chini lakini sote tukasikia:

"Nimekuomba uhamisho mara ngapi?"

Alikomboa kofia yake kwa kalamu mbili, akapanda baiskeli, akaenda. Huko ofisini alisema amekuta msiba, watani wakafanya yao. Kibunda kikafunguliwa, na sabuni ikarudi ilikojificha.

Kiwanda chetu kilisimama polepole, kama treni ile. Mashine moja ilikosa mkanda, nyingine zikatolewa vipuri kuiokoa, mwisho tukawa tunafagia sakafu isiyo na pamba. Hatimaye wakatuita, wakatushukuru, wakatuambia nchi ina hali ngumu, tutafute riziki kwingine. Nikafungasha lile sanduku la bati. Bibi Minza alikataa kuja stesheni, akasema hawezi kulia mbele ya Wazaramo. Alituma mfuko wa michembe na salamu: "Waambie kwenu, mizigo ya babu bado naidai."

Balozi alinisindikiza. Alibeba sanduku begani, bakora mkononi, shati la kijani mwilini ingawa haikuwa Jumamosi. Kwenye jukwaa aliliweka sanduku chini, akalikalia, akaweka mikono magotini.

"Miaka yote hii umekuja kila Jumamosi," akasema, "na hujawahi kunifokea. Unacheka tu nyuma. Usiondoke na hasira yangu, kijana, utaenda kumpiga mbuzi wa watu. Haya. Mimi ni serikali. Sema."

Nilijaribu. Nilifungua mdomo, nikaona kola ya shati ilivyochakaa, na kamba ya katani. "Mzee, sina neno."

"Unalo."

"Sina."

Treni ikapiga honi, nikapanda na sanduku, nikapata dirisha. Alisimama jukwaani, ametulia, kwa sauti yake ile nzito akatoa maagizo ya kawaida: nisinunue samaki njiani, niandike nikifika. Treni ikaanza kujikokota. Na hapo hapo, likatoka lenyewe, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, watu wa behewa zima wakageuka:

"Kazi yangu iko wapi? Kiwanda changu mmekifanya nini? Nilikuwa nimepata kwetu hapa! Nilikuwa nimepata!"

Balozi akajiweka sawa. "Tunalishu—"

Akaishia hapo. Alinitazama mimi, akatazama treni. Kisha akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, haraka, akitembea sambamba na dirisha langu. Akalivua shati, akalitundika kwenye ncha ya bakora, akaliinua mbele ya uso wake. Treni ikapata mwendo. Nilipochungulia mara ya mwisho, kabla mawe hayajamficha, alikuwa mwisho wa jukwaa na singlendi yake, amelishika shati kola kwa mkono mmoja, analitikisa kama mtu aliyemkamata mwizi, na mdomo wake unakwenda, unakwenda, wala sikuweza kusikia hata neno moja.